Wakuu wa Arusha na Moshi: hoho, pilipili, mboga na viungo vya uani mnavipanda kwa kalenda ya nani?

#1 MamaKitalu

Habari za humu wakuu.

Ikifika Julai swali ni lile lile, humu na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Hoho zangu zimenenepa, majani ya kijani mpaka yanang'aa, ila maua yote yanapukutika. Nipige dawa gani?" Majibu nayo ni yale yale. Piga busta. Piga ya ukungu. Ongeza yurea. Mtu anatoka hapo anakwenda duka la pembejeo, anarudi na chupa tatu, na maua yanaendelea kudondoka.

Dawa haipo kwa sababu ugonjwa haupo. Ni baridi. Hoho na pilipili kwao ni Amerika, nchi za joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi, chavua yake haifanyi kazi sawasawa. Ua linaanguka, au linatoa kitunda kilichojikunja, na ukikipasua ndani unakuta mbegu mbili tatu au hakuna kabisa. Sisi wa Arusha mjini tuko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Julai usiku unaenda mpaka nyuzi 12, mchana wingu la Meru limetukalia kichwani, jua unaliona saa nane. Yurea ndiyo inazidisha tatizo, maana inasukuma majani, na mmea wenye majani mengi hauna haraka ya kuzaa.

Sasa nenda Moshi mjini, kilomita 80 tu. Kule ni mita 800 na kitu. Ukishuka kila mita 100 joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo wenzetu wanatuzidi nyuzi tatu au nne hivi. Mdogo wangu anakaa Pasua na mbegu tunagawana pakiti moja. Mwezi wa saba hoho zangu zimenuna, zake zinazaa. Ikifika Februari mambo yanageuka: kwake jua linapita nyuzi 32, maua yanakaukia mtini, mimi huku navuna kwa karai.

Ndiyo maana nasema kalenda ya kwenye pakiti, ya shangazi yako wa Dar au ya video ya Kenya haikujui wewe unakaa wapi. Anza na baridi na joto la uani kwako, uhesabu kurudi nyuma. Kuanzia kusia mbegu mpaka mche wa hoho uwe tayari kuhamishwa ni wiki sita hadi nane. Kutoka kuhamishwa mpaka hoho ya kijani ya kwanza ni miezi miwili na nusu hivi. Ukishajua hivyo, hesabu ni rahisi:

Arusha mjini nasia mwishoni mwa Julai mpaka katikati ya Agosti, trei naziweka jikoni usiku kwa sababu mbegu ya hoho kwenye udongo wa baridi inaoza kabla haijaota. Nahamishia bustanini mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Maua yanakuja Novemba, baridi imeshaondoka. Navuna Desemba mpaka masika yanapoanza kuleta magonjwa yake.

Moshi mjini mdogo wangu anasia Aprili chini ya bati, maana masika ya kule yanachapa miche, anahamishia mwishoni mwa Mei au Juni, na Agosti mpaka Oktoba ndiyo mavuno yake. Akichelewa, maua yanakutana na kiangazi cha Januari.

Mboga za majani hazina makuu hivyo, ila nazo zina kwao. Sukuma, chainizi, loshuu na spinachi zinaipenda Julai ya Arusha. Mchicha unaichukia, unadumaa na kutoa mbegu ungali mfupi. Mchicha na matembele ni watoto wa Moshi. (Kwa faida ya wageni: spinachi tunayouziwa sokoni, ile yenye bua pana jeupe, ni ndugu wa bitiruti. Ndiyo maana ukisia "mbegu" moja inaota miche miwili mitatu pamoja. Ing'olee, ubakize mmoja.)

Viungo nawaachia wapishi. Karibuni.

#2 Chalii_Ngulelo

Nimeweka kambi hapa. Dada, sisi wapangaji tunafanyaje? Nina kibaraza na ngazi basi. Mwenye nyumba alishasema hataki kuona jembe uani.

#3 MamaKitalu

Chalii, jembe la nini? Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mfuniko inabeba mche mmoja wa hoho au wa pilipili mbuzi mpaka mwisho. Toboa matundu kama manane chini, weka kokoto kidogo, udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, na pumba za mpunga kiasi ili maji yapite. Samadi ya kuku iache mpaka ipoe kabisa, mbichi inaunguza mizizi.

Mboga za majani weka kwenye kiroba. Chukua bati la maziwa la kilo mbili lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto. Pembeni zungushia udongo. Ukifika juu ya bati livute kidogo, jaza kokoto tena, udongo tena, hivyo hivyo mpaka kiroba kijae. Hapo katikati unakuwa na nguzo ya kokoto, maji ukiyamwaga juu yanashuka mpaka chini badala ya kuloweka juu tu. Pembeni toboa matundu, pachika sukuma au spinachi. Kiroba kikae pale pale unapokijazia, maana kikishajaa hukihamishi.

Jambo moja tu la kuangalia kwenye kibaraza: jua. Hoho inataka saa sita za jua na kuendelea. Kama kibaraza chako kinatazama kusini na kuna ukuta wa jirani, achana na hoho, panda nanaa na sukuma.

#4 BabaKihamba

Mleta uzi umeongea vizuri ila umetuonea. "Moshi" ipi? Mimi niko Kibosho, mlimani, na Julai yangu haina tofauti na ya Sekei huko kwako Arusha, pengine inaizidi baridi. Watu wakisema Moshi wanafikiria stendi na Majengo. Ukipanda kwenda Kibosho, Uru, Marangu, unapita mita 1,400 bila kujua, na ukungu juu. Mtu wa huku akifuata kalenda ya mdogo wako wa Pasua atalia.

Halafu kihamba chenyewe, yaani shamba letu la nyumbani la Kichagga, kina kivuli. Juu mruka na miti mingine ya mbao, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa majimbi. Hoho ukiichomeka hapo itarefuka kutafuta jua na haizai. Wazee hawakuwa wajinga kuacha mboga za jua kwa shamba la tambarare. Chini ya migomba panda mnafu, maboga ya majani, na kwenye ukingo wa mfereji majimbi. Mnafu wa kivulini jani lake ni laini kuliko wa juani, muulize mama yeyote wa Kichagga.

Hoho zangu nimeziweka mbele ya zizi, mahali peupe, na ng'ombe wanatoa samadi hapo hapo. Sina haja ya duka.

#5 MamaKitalu

Umenirekebisha vizuri kaka. Wa Kibosho, Uru juu na Marangu mfuate tarehe za Arusha, na wa Usa River na kushuka kwenda uwanja wa ndege wa KIA msogee upande wa Moshi mjini. Tazameni urefu wa mahali, jina la mji liacheni.

#6 Bwanashamba_Mstaafu

Wanangu, nimesoma kimya kimya, sasa niongeze moja ambalo naona limepitwa.

Watu wanajua kubadilisha mazao, kisha wanabadilisha kwa majina. Amevuna nyanya, anapanda hoho. Amevuna hoho, anapanda bilinganya. Zikinyauka anasema udongo umechoka. Nyanya, hoho, pilipili zote, bilinganya, ngogwe (nyanya chungu), viazi mviringo na huo mnafu mnaousifia ni ukoo mmoja. Ugonjwa wa mmoja unamngoja mwenzake ardhini.

Mnyauko bakteria ndio mbaya kuliko yote. Mche ni wa kijani kabisa, asubuhi umesimama, saa saba umelala kama umemwagiwa maji ya moto, jioni unajitahidi kuamka, na siku ya tatu hauamki tena. Watu wanazidisha maji, na maji ndiyo yanaupeleka ugonjwa kwa jirani yake. Msibahatishe. Katakeni shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Chukueni glasi ya maji safi, mkishike kile kipande kwa juu, ncha iliyokatwa iguse maji, na msikitikise. Baada ya dakika chache mtaona nyuzi nyembamba nyeupe zikishuka ndani ya maji, kama moshi wa sigara uliogeuzwa kichwa chini. Mkiziona, ni bakteria. Msipoziona na majani ya chini yalianza kuwa ya njano kabla ya kunyauka, huo ni mnyauko wa ukungu.

Wa bakteria hauna dawa ya kupiga. Ng'oa na mizizi yake na udongo wake, choma, usitupe kwenye mboji. Hapo mahali panda vitunguu, mahindi au kabichi kwa misimu kadhaa. Kama bustani ni ndogo, hamia kwenye ndoo na udongo wa kwingine. Na jembe lioshwe.

#7 Chalii_Ngulelo

Shikamoo mzee. Sikujua mnafu na nyanya ni ndugu!

#8 Bwanashamba_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Tazama ua la mnafu na ua la pilipili, utaona lina sura moja. Na kwa kuwa umeutaja: kuna mnafu wa majani mapana, aina mbili, Nduruma na Olevolosi, zilitolewa rasmi mwaka 2011 kutokana na kazi ya utafiti iliyofanyika hapa Tengeru. Majina ni ya vijiji vyetu huku Arusha. Ukipata mbegu yake jani moja ni kiganja kizima, si ule wa porini wa kuchuma mpaka mgongo uume. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 nazo zilitoka hapo hapo, mwaka 1997. Tanya ina ngozi ngumu, ndiyo maana wafanyabiashara wanaipenda, inasafiri.

#9 Binti_Pasua

Mimi swali langu ni hili. Nilinunua hoho sokoni nzuri sana, nikahifadhi mbegu, nikapanda. Zimezaa hoho kwa sura lakini kali, mtoto amelia mezani. Jirani ana pilipili kichaa ukutani kwangu. Ni yeye amenichafulia?

#10 Mzee_wa_Soko_Kuu

Ndiyo hivyo. Hoho na kichaa havikai pamoja. Sisi tumekua tukiambiwa hivyo na ndivyo ilivyo. Mpandie mbali.

#11 MamaKitalu

Mzee wangu kwa heshima zote, hapo kuna nusu ya ukweli.

Nyuki akichukua chavua ya kichaa akaileta kwenye ua la hoho yako, lile tunda halibadiliki. Nyama ya tunda ni ya mama mtu. Kilichobadilika ni mbegu iliyo ndani. Ukiila hoho ile leo ni tamu tu. Ukizipanda mbegu zake, msimu ujao ndipo ukali unatokea.

Kwa hiyo Binti, jirani yako wa sasa hana kosa. Harusi ilifungwa shambani kwa yule aliyelima hoho uliyonunua. Tena huenda ilikuwa chotara, na mbegu za chotara hazirudii sura ya mzazi hata kama hakuna kichaa karibu. Ukitaka mbegu za kuhifadhi nunua aina ya kawaida kama California Wonder, pakiti yenye lebo ya TOSCI (wakaguzi wa mbegu wa serikali), na matawi mawili ya kwanza yafunge kwa kipande cha neti kabla maua hayajafunguka. Hoho inajichavusha yenyewe, haihitaji nyuki. Likianza kuwa tunda toa neti, funga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili watoto wasichume, uache liive mpaka liwe jekundu kabisa.

Kitu kingine: ukali haukai kwenye mbegu. Unakaa kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu. Mbegu zinaonekana kali kwa sababu zimegusana nao. Ukitaka pilipili mbuzi ipate harufu bila kuunguza, ng'oa utando wote, sio mbegu peke yake.

#12 Mzee_wa_Soko_Kuu

Haya binti yangu, umenifunga. Lakini bado nitampandia mbali.

#13 MamaKitalu

Mpandie mbali mzee, maana ndiyo njia rahisi ya mbegu safi 😀

#14 BabaKihamba

Ndege nao wasisahaulike. Ndege hasikii ukali wa pilipili. Kichaa zimeota kando ya uzio wangu wote na sikupanda hata moja, ni ndege. Na kuku vile vile, wanakula pilipili kichaa kama mahindi. Mwenye kuku wa kienyeji azungushie wavu, asijidanganye kwamba ukali utawafukuza.

Mti wa kichaa usiung'oe baada ya kuvuna. Unadumu miaka. Kata matawi, acha shina la goti, tia samadi, unachipua.

#15 Mpishi_Sakina

Nimeitwa, nimekuja. Viungo.

Giligilani (wengine mnaita kotimiri) watu wanashindwa kwa kuwa wanaifanyia kitalu. Haitaki kuhamishwa. Ile punje ya duara uliyonunua kwa muuza viungo ni mbegu mbili zilizofungwa pamoja. Isagesage taratibu chini ya chupa mpaka ipasuke, si mpaka iwe unga, loweka usiku mmoja, sia pale pale itakapokulia. Ikipata joto inakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa membamba kama nyuzi, na ladha inaharibika. Arusha Mei mpaka Agosti ndio wakati wake. Moshi mjini sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili tatu, mahali penye kivuli cha mchana, na ukiona bua linarefuka ng'oa, umeshashindwa hiyo. Acha mashina machache yakomae upate punje za pilau.

Rozimari: usinunue mche. Muombe mwenye nayo tawi la urefu wa kiganja, nyofoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Inakufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Nimeona rozimari za ukubwa wa uzio huku Sakina hazijawahi kumwagiliwa tangu masika.

Nanaa: usiipande ardhini kamwe. Kwenye ndoo. Ukiipanda ardhini mwaka kesho unaitafuta hoho hauioni.

Mchaichai: nunua mashina ya sokoni yenye kitako kizima, weka kwenye glasi ya maji mpaka yatoe mizizi, panda kwenye ukingo wa bustani. Mrehani na kivumbasi vinaota hata ukivitukana. Punguza ncha kila yakitaka kutoa maua, ndiyo siri ya majani mengi.

Kwenye hoho nina ugomvi na watu: hoho nyekundu ni ile ile ya kijani iliyoachwa ikaiva. Si aina ya kifahari. Hata hivyo ukiziacha zote ziwe nyekundu mmea unaacha kutoa maua mapya. Mimi nachuma za kwanza zikiwa za kijani, za mwishoni mwa msimu ndiyo naziacha ziive.

#16 Mkulima_Kidijitali

Sasa wadudu? Mie sukuma yangu imejaa wale wa kijivu wanaonata. Nikapewa dawa ya nyanya na jirani, nimepiga jana. Kesho naweza kuchuma?

#17 Bwanashamba_Mstaafu

Usichume, mwanangu. Soma lebo. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyingine siku tatu, nyingine wiki mbili na zaidi. Na dawa iliyoandikiwa nyanya siku zake zimepimwa kwenye nyanya. Sukuma jani lote ndilo linaliwa, na linapokea dawa yote. Kama lebo haitaji mboga za majani, dawa hiyo haikupimwa kwa sukuma. Majani yaliyopigwa yang'oe uyatupe, usile na usiwape mbuzi. Subiri majani mapya.

Hao ni vidukari. Kwa bustani ya nyumbani tumia maji. Mpira wenye nguvu, chini ya majani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakibaki, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita ya maji, piga jioni chini ya jani, asubuhi suuza. Na tazama kama kuna siafu wadogo au sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Sisimizi wanawachunga vidukari kwa ajili ya ule utamu wao, wanawafukuzia maadui. Wazuie sisimizi kwa jivu kuzunguka shina, na wadudu wekundu wenye madoa meusi watamaliza kazi. Hao wekundu msiwaue.

Kwenye nyanya ni habari nyingine. Kantangaze, yule nondo wa nyanya, ilionekana nchini 2014, ilianzia huku kwetu kaskazini, na ni hatari kweli. Ukiona jani lina madirisha meupe, ndani kuna kiwavi. Jani hilo lichume ukiwa unaliona, liponde, usisubiri wiki.

#18 Mama_Ngaramtoni

Sijasikia mtu akitaja maji. Kwetu kisima kinaacha ukoko mweupe juu ya udongo, na ncha za majani ya viungo zinaungua. Nimeambiwa ni floraidi.

#19 MamaKitalu

Dada, floraidi ipo kweli, miamba ya volkano ya Meru ndiyo inayoitia kwenye maji. Meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki yanatokana na hiyo. Ila ule ukoko mweupe zaidi ni chumvi na magadi yanayobaki maji yanapokauka, na hayo ndiyo yanayounguza ncha. Kwenye ndoo ni mabaya kuliko ardhini kwa sababu hayana pa kwenda.

Fanya hivi: mvua ikinyesha kinga kwa bati, hayo yaweke akiba ya viungo na miche. Mara moja kwa mwezi mimina kwenye ndoo maji ya mvua mengi kupita kiasi, yatoke chini kabisa, yamwagike. Usiweke kisahani chini ya ndoo, maji yaliyotoka yatarudi juu na chumvi yake. Matandazo ya majani makavu ya migomba nayo yanasaidia, kwa kuwa maji yanakauka polepole.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maji: hoho yenye doa jeusi lililozama kitakoni si ugonjwa wa kuambukiza. Leo umemwagilia sana, siku nne umesahau, kisha umemwagilia sana tena. Mmea unashindwa kupeleka kalisiamu kwenye ncha ya tunda. Maganda ya mayai mnayoyasaga hayatasaidia msimu huu, yanachukua muda mrefu kuoza. Maji kidogo, kwa ratiba, asubuhi. Matandazo. Matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

#20 Chalii_Ngulelo

Dada, mbegu za pilipili mbuzi nilisia kwenye kopo wiki mbili zilizopita na hakuna kilichotoka. Hoho nilizosia siku hiyo hiyo zimeshatoa majani mawili. Nimwage nianze upya? Na miche iliyo tayari inapatikana wapi hapa karibu?

#21 MamaKitalu

Usimwage. Mbuzi ni mvivu kuliko hoho, anaweza kukaa wiki tatu hata nne kukiwa na baridi. Na usichimbuechimbue kuangalia, utakata kimzizi. Funika kopo kwa nailoni nyepesi, liweke juu ya friji kwa nyuma ambako kuna joto, nyunyiza maji udongo ukikauka juu. Zikitokeza tu toa nailoni siku hiyo hiyo na uzilete kwenye mwanga, ukichelewa kinyausi kinazikata shingo zote usiku mmoja.

Miche nenda Tengeru siku za gulio, Jumatano au Jumamosi, mapema. Chagua mifupi yenye shina nene, ile mirefu iliyopauka iache hata wakikupunguzia bei, na geuza jani uangalie chini kabla hujalipa.

#22 Binti_Pasua

Na akiangalia chini ya jani akakuta vitu vyeupe vinaruka?

#23 MamaKitalu

Inzi weupe. Rudisha mche, nenda meza ya pili.